Ile Iliyoshindwa na Peugeot 504

Ijumaa: Munich, Milano, Torino

Mke wangu alifungua begi langu jana usiku akakuta suruali mbili, mashati matatu na spana kumi na mbili. Akaniuliza kama ninaenda Italia kutembea au kuomba kazi. Sikuwa na jibu. Fundi bodi akisafiri bila nyundo yake ndogo hujihisi kama aliyetoka nyumbani bila mkanda wa suruali.

Miaka ishirini na mbili sasa ninanyoosha mabati. Nilianzia Voi, gereji ya baba, na siku hizi nipo Ujerumani nikitengeneza magari ya rangi mbili, kijivu na nyeusi, yanayoletwa na watu wanaoogopa mkwaruzo kuliko ugonjwa. Kazi nzuri, mshahara unaingia, silalamiki. Lakini kuna picha moja haijawahi kunitoka kichwani. Baba aliikata gazetini akaibandika ukutani juu ya meza ya kazi kwa gundi ya gasketi: Lancia Stratos kwenye Safari Rally ya 1975, bapa na pana, ikirusha tope pande zote mbili. Dereva alikuwa Mwitaliano, Sandro Munari, na siku ile alikuja wa pili. Wa kwanza alikuwa Ove Andersson na Peugeot 504.

Baba ni mtu wa 504 mpaka leo. Ile picha hakuibandika kwa mapenzi, aliibandika kama mwindaji anavyotundika pembe. "Uzuri wote ule," alikuwa akisema, huku ananionyesha kwa bisibisi, "ikashindwa na gari la kubebea mbuzi." Mimi nilikuwa natazama picha tu, simsikii.

Basi safari yenyewe ndiyo hiyo. Wiki moja kaskazini mwa Italia kutafuta magari ya mbio ambayo hayabandikwi ukutani. Ferrari tumeshaiona hata kwenye kandambili. Nilitaka yale mengine: yaliyouzwa machache, yaliyofilisi wenyewe, ambayo ukiyataja kwenye baraza watu wanadhani umekosea jina.

Milano nilipokewa na mpwa wangu Rajabu, mtoto wa dada, anayesoma chuo pale. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, umenenepa." Yeye ndiye mkalimani wangu, na ndiye aliyekodi gari: Fiat Panda nyeupe. Tulikaa barabarani muda wa saa mbili, na ilipofika saa moja usiku tuko Torino tunazunguka kutafuta hoteli. Kona ya tatu tukapita chini ya kibao chenye duara jekundu. Rajabu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, nadhani hapa ni kwa wenyeji tu." Juu ya nguzo kulikuwa na kamera. Faini itanifuata Munich kwa posta. Kosa ni letu, kibao kilikuwa kikubwa kama meza.

Jumamosi: Torino

Makumbusho ya Taifa ya Magari yako Corso Unità d'Italia, kando ya mto Po. Tuliingia milango ilipofunguliwa tukatoka tukiwa na njaa ya kuuma. Kuna mengi pale, hata ile Itala iliyotoka Peking mpaka Paris mwaka 1907, lakini mimi nilikwama mbele ya gari moja dogo mpaka Rajabu akaenda kunywa kahawa, akarudi, akanikuta palepale.

Cisitalia 202. Wengi hawajapata kulisikia hilo jina. Piero Dusio, mfanyabiashara wa Torino, baada ya vita alichukua vipuri vya kawaida vya Fiat, injini ndogo ya lita 1.1, akajenga gari la mbio, na bodi akampa Pinin Farina, fundi wa kuchora na kujenga bodi. Kabla ya hapo gari lilikuwa mkusanyiko wa vitu: boneti pale, madigadi pale, taa zimepachikwa kama masikio. Kwenye Cisitalia kila kitu kimeyeyuka kikawa kimoja. Bega la gurudumu la mbele linashuka, linapita mlangoni, linapanda tena juu ya gurudumu la nyuma, na huoni pa kusema hapa digadi limeishia na bodi imeanza. Hayo yamefanywa kwa nyundo, na watu waliokuwa wanapiga aluminiamu juu ya magogo na mifuko ya mchanga, wakipapasa kwa kiganja. Mimi najua kupapasa huko. Macho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganyiki.

Mwaka 1951 jumba la sanaa la kisasa la New York, MoMA, liliiweka Cisitalia kwenye maonyesho kama watu wanavyoweka sanamu. Kwa kuuza sasa, ziliuzwa takriban 170 tu. Dusio alikuwa amewaagiza akina Porsche wamchoree gari la Grand Prix, na pesa zikaishia huko. Gari lenyewe la Grand Prix halikumpa hata ushindi mmoja.

Jioni tulipanda Lingotto, kiwanda cha zamani cha Fiat. Chuma kilikuwa kikiingia ghorofa ya chini, gari linajengwa huku linapanda, na likifika juu limekwisha, linajaribiwa kwenye barabara iliyoko kwenye paa. Paa! Kona zake zimeinuliwa kama kingo za bakuli. Kilifungwa 1982 na siku hizi juu kumepandwa bustani, watu wanatembea na watoto. Rajabu alipiga picha hamsini. Mimi niliinama kugusa sakafu nikitafuta alama ya tairi. Hakuna.

Jumapili: vilima vya Asti

Mteja mmoja wa gereji yetu alikuwa amenipa namba ya mzee anayeishi kijijini upande wa Asti, mstaafu, aliyekuwa mtu wa mashine za kukandamiza mabati. Ana Lancia Fulvia Sport Zagato ya mwaka 1969, yaani Fulvia iliyovishwa bodi na karakana ya Zagato. Tulipofika ukungu ulikuwa haujapanda, mizabibu imeshavunwa, majani yamekuwa rangi ya kutu. Mzee alitoka na fulana ya sufi na suruali ya kazi, akampa Rajabu mkono, akanipa na mimi, kisha akaugeuza mkono wangu akatazama kiganja. Akasema neno moja: "Carrozziere." Rajabu akatafsiri: fundi bodi. Kwa Waitaliano hilo ni jina la heshima, watu wameliandika kwenye milango ya majumba. Kwetu utaitwa mgonga mabati, na watakuuliza lini utapata kazi.

Gari lilikuwa ghalani chini ya shuka la kitanda lenye maua.

Sasa, niseme ukweli, Fulvia Sport si mrembo. Fulvia ya kawaida, ile Coupé, ni safi, imekaa kama shati lililopigwa pasi. Hii ya Zagato, iliyochorwa na Ercole Spada, ina pua ndefu iliyobanwa, kiuno kimepanda, mgongo umekatwa ghafla. Ukiiona kwa mbele unadhani inakukasirikia. Ukizunguka ubavuni inapendeza. Ukifika nyuma huna uhakika tena. Nilizunguka mara tatu, na kila mzunguko nilibadili mawazo, na hilo ndilo lililonishika. Gari zuri tu unalitazama mara moja, ukishaelewa umemaliza.

Mzee alichomoa mfukoni sumaku ya friji, yenye picha ya Mtakatifu Antonio, akampa Rajabu. Mwambie aweke hapo. Rajabu akaiweka juu ya digadi: pa! ikanata. Akaiweka mlangoni: ikateleza ikaanguka kwenye nyasi. Tukacheka wote. Zagato za mwanzo zilikuwa aluminiamu mwili mzima. Baadaye bodi ikawa ya chuma, aluminiamu ikabaki kwenye milango, boneti na kifuniko cha tairi la akiba. Wakusanyaji wanazitaka zile za aluminiamu, wanakuja na sumaku zao, wanajaribu digadi, wanaondoka. "Ndiyo maana niliweza kuinunua," mzee akasema. "Nimeipata kwa sababu sumaku ilinata."

Boneti yake haifunguki mbele wala nyuma, inafunguka ubavuni kama kitabu. Ndani yake ndimo nilimotambua kwa nini Lancia ilifilisika. Injini ni V4 ya cc 1298, silinda nne zilizopangwa kama herufi V, lakini V yenyewe ni nyembamba kiasi cha nyuzi 13 hivi, kama mkasi uliokaribia kufungwa, kwa hiyo silinda zote nne zimefunikwa na silinda hedi moja. Juu yake kamshafti mbili, moja kwa vali za kuingiza, moja kwa za kutoa. Halafu injini nzima imelazwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na yote hayo yanazungusha magurudumu ya mbele. Breki ni za diski pande zote nne. Mwaka 1969, kwenye gari dogo! Kila boliti niliyoigusa ilikuwa imefikiriwa na mtu. Mhasibu angeona gari hili angelia, na ndivyo ilivyokuwa: mwaka huohuo Fiat waliinunua Lancia kwa bei ya jina tu, wakabeba na madeni yake. Miaka 3 baadaye, 1972, Munari yuleyule wa picha ya baba akashinda mbio za Monte Carlo na Fulvia ambayo kila mtu alikuwa ameshaiita kizee.

Mzee alinipa ufunguo. Sikutarajia. Fikiria umwombe mwenye Ferrari ufunguo wake ukiwa mgeni, Mwafrika, na nyundo mfukoni! Gia nne, fimbo ndefu nyembamba inayotaka uombe taratibu. Chini ya mizunguko elfu tatu injini inanung'unika, ukiipita hapo inaanza kuimba kwa sauti ya puani, na mikono inasikia kila kokoto kupitia usukani mwembamba wa mbao. Nilipoona joto limezidi, mzee akabonyeza swichi: kioo cha nyuma kikajiinua vidole viwili chenyewe, hewa ikapita. Rajabu, aliyejikunja nyuma kama shati kwenye begi, akasema, "Mjomba, hii ndiyo AC ya nabii Nuhu."

Tuliporudi nilifanya kile nilichokuwa nimejizuia. Nikapiga magoti nikagonga kizingiti cha mlango wa kushoto kwa kifundo cha kidole. Mbele ilijibu ting. Katikati ikajibu pu. Mzee alikuwa anajua. Aliniangalia tu. Kutu imekula ndani, na yule fundi wa mwisho alijaza puti badala ya bati. Aliyekuwa anamfanyia kazi hizo kwa uaminifu amefariki, na vijana wanataka bodi mpya wazipake vinili. Tukanywa kahawa. Hatukuzungumza zaidi juu ya kizingiti.

Jumatatu: Arese

Mvua. Makumbusho ya Alfa Romeo yako Arese, nje ya Milano, palipokuwa na kiwanda. Nilikwenda kwa ajili ya moja, Montreal, na moja ilinitosha.

Mwaka 1967 Kanada waliandaa maonyesho makubwa ya dunia mjini Montreal, wakaiomba Alfa ilete gari la kuonyesha upeo wa ufundi wa binadamu. Bertone, wachora na wajenga bodi, wakapewa kazi, kijana wao Marcello Gandini akachora. Magari mawili meupe yakapelekwa bila jina. Watu ndio walioyapa jina, la mji. Chini ya uzuri ule kulikuwa na injini ya kawaida ya Giulia, gari lao la kila siku, lita 1.6. Dunia ikapiga makofi, Alfa wakarudi nyumbani kujiuliza la kufanya, na lilipoanza kuuzwa 1970 likawa na V8 ya lita 2.6 iliyotokana na gari lao la mashindano, Tipo 33.

Mimi nilikuja kutazama uongo wake. Boneti ina shimo la hewa la kupendeza, limezama kama tundu la pua. Limezibwa. Halipeleki hewa popote. Nyuma ya mlango kuna vipenyo vimepangwa ubavuni kama matamvua ya samaki, na kila fundi akiviona atasema injini iko hapa nyuma. Haipo, iko mbele. Taa zina kope za bati zilizokatwa vipande, zinazoshuka ukiziwasha. Zinafunika nusu ya taa tu, sasa zinafunika nini? Ningepaswa kukasirika. Mteja wangu akiniletea gari lenye shimo bandia namcheka. Lakini hili nimesimama mbele yake nikasema sawa. Ni kama bibi harusi mwenye hina mpaka kwenye viwiko: haina kazi, na ukiiondoa umemvua nguo.

Yalijengwa takriban 3,900 mpaka 1977. Mafuta yalipanda 1973, na gari la V8 lenye pampu ya kupulizia mafuta ambayo mafundi wengi hawakujua kuirekebisha likageuka mzigo. Kwa miaka mingi liliuzwa kwa bei ya kutupa. Na mji ule uliolipa jina haukuuziwa, kwa sababu halikutengenezwa kukidhi sheria za moshi za Marekani ya Kaskazini.

Tulipokuwa tunarudi tulipita Bresso, kitongoji cha kaskazini mwa Milano. Hapo Renzo Rivolta alitengeneza mafriji, kisha skuta, kisha mwaka 1953 Isetta, lile gari-yai lenye mlango usoni ambalo BMW walilichukua. Halafu, kama mtu aliyeamka ameota, akaanza kutengeneza magari ya kifahari yenye V8 ya Corvette. Iso Grifo, mkono wa mchoraji Giugiaro kwenye bodi na wa mhandisi Giotto Bizzarrini kwenye chasi. Kutoka friji mpaka Grifo, mtu mmoja, maisha mamoja! Alifariki 1966, mwanawe akaendelea, na 1974 mambo yakaisha. Yalijengwa Grifo kama mia nne tu. Nilimsimulia Rajabu yote haya kwenye foleni ya magari. Alikuwa amelala.

Jumanne: njiani

Milano mpaka Modena kwa barabara kuu ya A1. Malori, mvua, sandwichi ya bei mbaya, malori. Panda imekunywa mafuta kidogo mno, naanza kuipenda.

Jumatano: Modena

Kila mtu hotelini ametuuliza kama tunakwenda Maranello, kwa Ferrari. Ni umbali wa kilomita zisizofika ishirini. Tumesema kesho.

Asubuhi tulikuwa na miadi shambani. Ndiyo, shamba la ng'ombe, linaitwa Hombre, pembeni ya Modena. Wenyewe ni familia ya Panini, wale wa stika za wachezaji mpira tulizokuwa tunabadilishana shuleni. Wanatengeneza jibini ya Parmigiano, na kwenye jumba lililo mita chache kutoka kwa ng'ombe wameweka Maserati. Mwaka 1996 mkusanyiko wa kiwanda ulikuwa unakwenda kupigwa mnada Uingereza, utawanyike, familia ikaununua ukarudi nyumbani. Unaingia na harufu ya maziwa bado iko puani, unakutana na Tipo 61, ambayo chasi yake imesukwa kwa mabomba membamba mengi mpaka wakaiita kizimba cha ndege. Nilitamani kumwona aliyeyachomelea. Mabomba membamba kama kidole, mamia ya maungio, na hakuna moja lililovimba.

Mchana tukapelekwa na kijana wa pale kwa fundi anayemfahamu, kibanda cha nje ya mji kisicho na kibao. Humo ndimo nilimotumia saa tano.

Ya kwanza ilikuwa Maserati Khamsin ya rangi ya mchanga. Maserati walikuwa na desturi ya kuyapa magari majina ya pepo: Mistral, Ghibli, Bora. Khamsin ni upepo wa joto wa Misri, unaosemekana kuvuma siku hamsini, na jina lenyewe kwa Kiarabu ni hamsini, hiihii yetu. Nilipomweleza Rajabu akapiga kofi la paja. "Hamsini! Mjomba, hiyo si nauli ya matatu?" Fundi akataka atafsiriwe. Ilichukua muda.

Mchoraji ni Gandini tena. Nyuma ya gari, chini ya kioo cha mgongo, kuna kioo kingine kilichosimama wima, na taa za nyuma zimepachikwa ndani ya kioo hicho, zinaelea. Ukiwa nyuma unaona moja kwa moja mpaka kwenye viti. Wamarekani walikataa, taa zikashushwa chini kwa magari yao, sura ikaharibika. Yalitengenezwa 430 hivi. Wakati linachorwa Maserati ilikuwa mali ya Citroën, kwa hiyo breki, usukani, klachi na hata kuinuka kwa taa za mbele vinaendeshwa na mfumo mmoja wa mafuta yaliyosukumwa kwa nguvu, mafuta ya kijani kama sharubati ya ndimu. Fundi alinionyesha seti ya sili zilizovimba kama uji. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameongeza mafuta ya breki ya kawaida. Chupa moja isiyo sahihi, na gari zima limeugua. Mafundi wa kawaida waliposhindwa nalo wakasema ni gari baya. Halikuwa baya, lilikuwa linasema Kifaransa kwa lafudhi ya Modena na hakuna aliyekuwa na kamusi.

Nyuma yake kulikuwa na De Tomaso Mangusta. Alejandro de Tomaso alikuwa Mwargentina aliyehamia Modena, na jina alilolipa gari hili ni la mnyama: mangusta, nguchiro. Husimuliwa kwamba alikuwa amekosana na Carroll Shelby wa Marekani, mwenye gari liitwalo Cobra. Watu wa Voi hawahitaji kuelezwa nguchiro humfanya nini swila. Giugiaro aliichora alipokuwa kwa wajenga bodi wa Ghia, na injini, V8 ya Ford, iko nyuma chini ya vifuniko viwili vinavyofunguka kutoka kwenye uti wa mgongo kama mbawa za mbawakawa. Yalijengwa 401. Fundi alinyanyua ubawa mmoja akaniachia nyundo na kibanio chake cha bati, kwa sababu ncha yake ilikuwa imejikunja na alikuwa hapati muda. Niliinyoosha taratibu, pigo dogo, papasa, pigo dogo. Dakika arobaini. Ilipolala sawa aliipapasa na yeye, akaguna, akaenda kutengeneza kahawa. Sijawahi kulipwa vizuri hivyo.

"Lakini yaendeshwa vizuri?" Rajabu akauliza. Fundi akacheka. Uzito wote uko nyuma, alisema, mvua ikinyesha unamkumbuka Mungu.

Alhamisi: si Maranello

Asubuhi Rajabu alikaa kwenye usukani wa Panda akaweka Maranello kwenye simu. Nikamwambia ageuze. "Wapi, Mjomba?" Asti. Akanitazama kama anayepima homa. Kilomita zaidi ya mia mbili kurudi tulikotoka, na makumbusho ya Ferrari yako hapo. "Ferrari ina watu wake," nikamwambia. "Kile kizingiti hakina mtu."

Njiani tulinunua bati la milimita moja na rangi ya zinki. Mzee hakushangaa. Alikuwa ameshaazima mashine ya kuchomelea kwa jirani.

Tulitoa betri, kiti, zulia. Nikakata. Puti ilitoka vipande kama ganda la yai bovu, na ndani ya kizingiti tukakuta konzi tatu za maganda ya njugu, zile nocciola za vilima vile. Panya amekula humo miaka, amekaa kwenye Zagato bila kulipa bima. Nikachora umbo kwenye boksi la kadibodi, nikalihamishia kwenye bati, nikakata, nikalikunja kwenye ukingo wa meza. Halafu doa moja huku, doa moja kule, unasubiri lipoe, doa katikati, kwa sababu ukichomelea mfululizo bati linajikunja na mlango hautafunga tena. Rajabu alishika kitambaa kibichi kulinda mlango wa aluminiamu. Mzee alishika taa. Saa kumi nikagonga kwa kifundo cha kidole, mbele mpaka nyuma. Ting, ting, ting.

Baba alipiga simu ya video nikiwa bado nimelala chini ya gari. Voi kulikuwa kumeshaingia giza, nyuma yake naona ukuta uleule. Nikampitishia simu kwenye boneti iliyofunguka kama kitabu, kwenye mlango, kwenye kizingiti kipya kilichopakwa zinki.

"Hiyo nini?"

"Lancia, Baba."

"Si ndiyo ile iliyoshindwa na 504?"

Mzee akataka kujua amesema nini. Rajabu akatafsiri, kwa adabu kiasi. Mzee akavua miwani, akaifuta, akainama mbele ya simu, akahesabu kwa vidole polepole ili mwenzake aone: 1988, 1989, 1991. Miaka ambayo Lancia Delta ilishinda Safari Rally, mbili kwa dereva Biasion, moja kwa dereva Kankkunen.

Baba hakuhitaji tafsiri ya miaka. "Mwambie hizo nazijua," akasema. "Hizo zilikuwa maboksi. Ile ya 1975 ndiyo ilikuwa gari."

Kisha akasikia alichosema. Akakohoa, akaniuliza kama mtandao unakatika huko.